Mwacheni Mbwa Aogope Kwanza

Tembea Skuta jioni moja ukitazama mageti tu. Hutafika mbali kabla hujakutana na kile kibao: MBWA KALI. Mahali pengine kimechorwa kwa rangi nyekundu ya kopo, mahali pengine kimechapishwa vizuri na picha ya mbwa wa Kijerumani aliyetolewa mtandaoni, ulimi nje, macho kama ya bwana mkubwa. Sasa simama kidogo usikilize aliye ndani. Anabweka, ndiyo. Lakini anabweka akirudi nyuma. Ukimwona kupitia upenyo wa geti utakuta masikio yamelala, mkia umefyatwa, mgongo umejikunja. Yule si mbwa mkali, wazee. Yule ni mbwa mwenye hofu, na aliyemtia hofu ndiye aliyelipia kibao.

Hoja yangu ni fupi na nitaisema mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. Mbwa mchanga aliye mwoga hana kasoro. Ana hofu, na hofu ina dawa inayojulikana tangu zamani na watu ambao riziki yao ilitegemea mbwa. Dawa hiyo si fimbo, si pilipili, si kufungiwa kwenye sanduku la mbao kutwa nzima. Sisi wa miji hii ya chini ya Mlima Kenya, kutoka Nyeri hadi Karatina hadi Nanyuki, tumeamua kutoijua. Na tusijidanganye kwamba gharama ni ya mbwa peke yake.

Waliotegemea mbwa kuliko wote walikuwa wawindaji wa ndege. Fikiria kazi yenyewe. Unamtaka mnyama aingie kwenye miiba, amnuse kwale aliyejibana pale, amwinue aruke, kisha bunduki ilie juu ya kichwa chake, kisha aende amchukue ndege bila kumtafuna, akuletee mkononi. Katikati ya kazi hiyo kuna mshindo. Mbwa anasikia sauti ambazo masikio yetu hayazipati kabisa, sembuse mlio wa bunduki. Ukikosea siku ya kwanza umepoteza mbwa. Hatakuja tena karibu na bunduki. Akiona tu umeichukua ukutani anajificha chini ya kitanda. Ndiyo maana watu wa kazi ile walilazimika kujua hofu ni nini, inaingiaje na inatokaje.

Mmoja wao amelala hapa hapa Nyeri. Pale kanisa la St. Peter's, karibu na kaburi la Baden-Powell ambalo maskauti wa dunia nzima huja kulitembelea, kuna kaburi la Jim Corbett. Alizaliwa Nainital, India, mwaka 1875, akaja Kenya mwishoni mwa 1947 na dada yake Maggie. Walikaa Paxtu, ile nyumba ndogo ya Baden-Powell kwenye uwanja wa Outspan. Akafa 19 Aprili 1955. Watu wanamkumbuka kwa simbamarara waliokula watu, na kwa usiku ule wa Februari 1952 pale Treetops, Elizabeth alipopanda mtini akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia. Mimi namkumbuka kwa sababu ya mbwa.

Kwenye kitabu chake cha 1944, Man-Eaters of Kumaon, kuna sura moja iliyopewa jina la mbwa huyo: Robin. Corbett anaeleza kwamba hakuwa akitafuta mbwa. Alikuwa na rafiki yake, wakaletewa watoto saba wa mbwa kwenye kikapu kichafu. Huyu mmoja alikuwa mdogo kuliko wote, mwembamba kuliko wote, akinuka, karibu anakufa. Jina lake lilikuwa Pincha. Akajikokota, akamzunguka yule bwana mara moja, akajikunja katikati ya miguu yake. Corbett akamtia ndani ya koti kwa sababu ya baridi, kisha akamnunua kwa rupia 15.

Hebu mlete huyo mtoto wa mbwa leo kwenye soko letu. Nani angemchukua? Muuzaji mwenyewe angemficha nyuma ya ndugu zake. Mnunuzi angeinua wale wengine kwa ngozi ya shingo, atafute anayenguruma, aseme "huyu ndiye." Kanuni yetu ya kuchagua mbwa ni hiyo: anayenguruma ana damu, anayejikunja ni hasara.

Somo la kwanza la Robin porini lilikuwa ndege mmoja. Corbett alimpiga risasi ndege wa jamii ya kwale, akaangukia kichakani bawa limevunjika, na yule mbwa mdogo akaingia kumfuata. Walipotokeza upande wa pili, ndege alikuwa akikimbilia msituni na Robin ameng'ang'ania mkia wake, akiburutwa. Corbett alipomwinua ndege kwa shingo, teke moja likampindua mbwa kichwa chini miguu juu. Mbwa akarudi. Ndege alipolazwa chini akamzunguka akicheza. Hapo somo likaisha, wakaenda nyumbani.

Tazama kilichokosekana katika kisa hicho. Hakuna aliyempigia kelele mbwa. Hakuna aliyemcheka alipopinduliwa. Hakuna aliyesema "sasa tumpe na wa pili tuone." Ndege mmoja, ushindi mmoja, nyumbani. Yule aliyetoka kikapuni akiwa wa mwisho akawa mbwa ambaye mwindaji wake, aliyezoea kumfuata chui aliyejeruhiwa, alimwamini maisha yake. Na Corbett aliandika kwamba dhahabu yote ya India isingemnunua.

Sina haja ya kumtakasa Corbett. Alikuwa kanali wa himaya, akaondoka India ilipopata uhuru, akaja kustarehe kwenye ardhi ambayo wenyewe walikuwa wakinyang'anywa. Hilo tutalirudia chini. Hapa nasema tu kwamba ujuzi huu haukuhitaji maabara. Ulihitaji mtu mwenye subira na sababu ya kuwa nayo.

Na ujuzi wenyewe una mpangilio. Waliofunza mbwa wa bunduki waliufuata hivi, kwa kifupi.

Ndege kwanza, bunduki baadaye. Mbwa mchanga anaanza na bawa la njiwa lililofungwa kwenye kamba. Analikimbiza, analikamata, anasifiwa. Baada ya hapo ndege mzima aliyekufa. Baada ya hapo harufu ya ndege iliyofichwa kwenye nyasi. Lengo ni moja: apende kitu hiki mpaka asahau mengine. Wakati huo mlio haujatajwa kabisa.

Mlio unaanzia mbali, na unaanzia kwenye raha. Nyumbani, wakati anakula, mtu anagonga kifuniko cha sufuria chumba cha tatu. Akiinua kichwa na kuendelea kula, sawa. Kesho chumba cha pili. Akiacha chakula, umeharakisha, rudi mwanzo. Uwanjani vilevile: mbwa akiwa anakimbiza bawa kwa furaha, mtu aliye mbali sana analiza bunduki ndogo mara moja. Mbwa asipojali, siku nyingine mtu anasogea hatua kadhaa. Masikio yakilala, mkia ukifyatwa, siku imekwisha, na kesho yule mtu anarudi mbali kuliko mwanzo.

Mwoga hafundishwi peke yake. Anapewa mbwa mzima mtulivu, amwone yule haogopi. Mbwa husomana kuliko wanavyotusoma.

Na mbwa hapelekwi kwenye milio mingi "azoee." Hili ndilo kosa lililoharibu mbwa wengi kuliko yote. Mtu anamfunga mtoto wa mbwa karibu na kundi la watu wanaolenga shabaha, anafikiri mshindo wa mia utamfundisha kwamba mshindo wa kwanza haukuwa kitu. Mshindo wa mia unamfundisha kwamba hakuna mahali pa kukimbilia.

Baadaye wanasayansi walikuja kuandika kwa tarakimu jambo ambalo wafugaji walikuwa wakilifanya kwa mkono. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza kisa cha mtoto wa kiume aitwaye Peter, wa umri wa karibu miaka 3, aliyeogopa sungura. Peter alipewa chakula anachokipenda, sungura akawekwa mbali. Siku baada ya siku sungura akasogezwa, kamwe si karibu kiasi cha kumfanya mtoto aache kula. Mwishowe Peter alimshika sungura kwa mkono wake. Ni kifuniko kile kile cha sufuria.

Upande wa pili una tarehe yake pia. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio waliyowafanyia mbwa, majaribio magumu kuyasoma bila kukunja uso. Mbwa walipigwa shoti za umeme. Baadhi waliweza kuzima shoti kwa kusukuma kibao kwa kichwa. Wengine hawakuwa na njia yoyote. Kisha wote wakatiwa kwenye kisanduku chenye kizuizi kifupi ambacho mbwa anakiruka tu anaponyoka. Waliokuwa na kibao waliruka. Wengi wa wale ambao hawakuwa na njia walilala pale pale wakalia, shoti ikiendelea, mlango uko wazi.

Sasa turudi Skuta.

Mbinu zetu unazijua. Mtoto wa mbwa anachukuliwa kwa mama yake bado anayumba, wiki nne, wiki tano, kwa sababu muuzaji anataka hela zake na mnunuzi anaamini akimchukua mapema "atamjua mwenyewe." Wataalamu wa tabia za mbwa, tangu utafiti wa Scott na Fuller wa 1965, wanajua kwamba kuanzia karibu wiki ya 3 hadi ya 12 ndipo mtoto wa mbwa anapojifunza dunia ina nini: watu, watoto, kuku, boda, mvua kwenye mabati. Sisi tunafanya nini na wiki hizo? Tunamfungia kwenye kibanda cha mbao nyuma ya ploti, giza, ili "asizoee watu." Mchana hatoki. Usiku anafunguliwa. Akionekana mpole anawekewa pilipili kwenye ugali. Akijificha mgeni anapokuja, anavutwa kwa mnyororo na kupigwa mbele ya mgeni, kusudi aone haya. Mbwa hana haya, buda. Anachojifunza pale ni kwamba mgeni akija, kipigo kinakuja.

Halafu kuna fasheni mpya, ya watu wa rika letu, na hii tuiseme bila kutazamana pembeni. Unachukua mbwa wa gharama, unampiga picha, unamvisha mnyororo wa chuma mnene kuliko shingo yake. Akifika miezi sita na bado anakimbilia chini ya meza mtu akifunga mlango kwa nguvu, video zinaanza. Fataki inarushwa karibu naye, jamaa wanacheka, video inapanda. Kinachochekwa ni mnyama anayeamini anakufa. Mwezi unaofuata mbwa huyo anaachwa barabarani upande wa Kiganjo, na mwenyewe anatafuta mwingine "mwenye damu."

Ajabu ni kwamba kizazi hiki ndicho kinachopaswa kuelewa kuliko kingine chochote. Tarehe 25 Juni 2024 wengi wetu tulisikia, tukiwa barabarani au kupitia simu ya rafiki, risasi inavyolia ikipigwa kweli. Tulikimbia. Waliokimbia hawakuwa waoga, na waliobaki hawakuwa majabali. Na miezi iliyofuata, kuna watu walioruka bomba la pikipiki likilipuka, na hakuna aliyethubutu kuwarushia fataki ili wazoee. Tulijua ingekuwa ukatili. Mwili umesikia, mwili umekumbuka. Mbwa naye ana mwili.

Najua majibu yatakayokuja. Niyachukue moja moja.

La kwanza litavaa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali nzuri, inatumiwa vibaya. Haisemi mpige mwana. Inasema usiogope machozi yake pale unapofanya linalofaa. Na linalofaa ni lipi? Mbwa hajui amepigwa kwa kosa gani la jana. Kama tunataka methali, iko nyingine: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wahenga walijua hofu inaokoa uhai. Mbwa mwoga anatumia akili aliyopewa: kuna jambo hajalielewa, amekaa mbali nalo. Kazi yako ni kumwelewesha, na kumwelewesha kunachukua siku.

La pili: hayo ni mambo ya wazungu. Hapa naomba tuwe wakweli, kwa sababu mkoa huu una kila sababu ya kuchukia mbwa wa mzungu. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, mbwa wa kufuata nyayo waliingizwa kwenye misitu hii kuwanusa wapiganaji. Kabla ya hapo, kwenye mashamba ya walowezi, mbwa alikaa getini kwa sababu moja: Mwafrika asiingie. Basi jiulize, katika yote haya, urithi wa mlowezi ni upi? Je, ni subira ya kumfundisha mtoto wa mbwa kwa bawa la njiwa? Au ni geti, ua wa seng'enge, na mnyama aliyefanywa silaha dhidi ya mpita njia maskini? Kibao cha MBWA KALI ndicho urithi. Kabla ya seng'enge, mbwa wa nyanda hizi walitembea na watu: na wachungaji, na wawindaji wa msituni kama Waokiek, ambao mbwa wao alikuwa mwenzao wa safari. Mtu hamfungi kwenye sanduku mnyama anayemtegemea kumpata swara. Subira si ya mzungu. Tulikuwa nayo, tukaiweka chini tulipopokea geti.

La tatu: sisi hatuwindi. Kweli kabisa, na sisemi tukawinde. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ndege waliendelea kupigwa kwa leseni kwa miaka mingi baada ya hapo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamhesabu anayewinda kwa starehe kuwa mhalifu, na anayewinda kwa kitoweo vilevile. Kwa hiyo wale vijana wanaotoka na mbwa kumi Jumapili kuwasaka kwale na sungura kando ya msitu, tena kwa kuwanyima mbwa chakula siku mbili "wawe na moto," wajue wako makosani mara mbili. Lakini kazi ya mbwa wa bunduki haikufa pamoja na bunduki. Ilibadilisha ajira. Spaniel, jamii ile ile ya Robin, leo hunusa mizigo katika viwanja vya ndege vingi duniani, akitafuta dawa za kulevya na pembe za ndovu. Hapa jirani, Ol Pejeta na Lewa wana vikosi vya mbwa wanaofuata nyayo za majangili na kusaidia kulinda vifaru. Mbwa wa kazi hiyo anatakiwa asikie risasi na aendelee kunusa. Kama hofu ingetibiwa kwa kipigo, hawa ndio wangepigwa kuliko wote. Mbwa wa kunusa hufanya kazi kwa sababu moja, mpira wake. Akipata alichotumwa, anarushiwa mpira. Kwake jangili ni mchezo wa kutafuta mpira.

La nne ndilo zito, nalo linatoka kwa watu ninaowaheshimu: mama anayeishi peke yake Ruring'u, mzee ambaye kuku wake wameibwa mara tatu. Wanasema, sina haja ya mbwa mpole, nataka mwizi aogope. Nawaelewa. Lakini mbwa mwenye hofu ni mlinzi mbovu. Anabwekea kila kitu: paka, upepo, mtoto wa jirani, kwa hiyo wewe mwenyewe ulishaacha kuamka. Mwizi anayejua kazi yake anamjua huyu mbwa. Anatupa jiwe moja gizani, mbwa anaingia kibandani. Mbwa anayejiamini habweki ovyo. Akibweka unaamka kwa sababu hajawahi kukudanganya. Na tena mbwa huyo anajua nani ni wa nyumbani, kwa sababu alipata nafasi ya kuwajua.

Mbwa mwenye hofu akibanwa, anauma. Hana ramani ya nani amuume. Atamuuma mwizi kama ataona hana pa kukimbilia, na atamuuma kwa meno yale yale mtoto wa miaka mitano aliyeufuata mpira nyuma ya ploti. Baada ya hapo tunasema mbwa ana kichaa, tunampiga mawe mpaka afe.

Na tukitaja kichaa, tukitaje vizuri. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kinga ni chanjo ya mbwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwaka wa kuumaliza. Sasa niambie, siku ya chanjo, nani anampeleka mbwa ambaye hajawahi kushikwa ila kwa kupigwa? Mwenyewe anamwogopa. Anamlishia kwa mbali, anasukuma sufuria kwa kijiti. Daktari wa mifugo anakuja, mbwa anapanda juu ya paa la choo. Mwenye mbwa anacheka, anasema "huyu ni kali, daktari, hashikiki," kwa fahari, kama mtu anayetaja shahada. Anachotangaza ni kwamba ndani ya geti lake kuna mbwa asiyechanjwa na asiyeweza kuchanjwa, katikati ya mtaa wenye watoto. Kila kibao kilichoning'inizwa na mtu kama huyo ni tangazo la hatari, ila si hatari anayoidhani.

Sheria nayo ipo, si kwamba tuko msituni. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa, na haiishii kwenye kipigo. Kumtia hofu kikatili ni kosa pia. Wale wa fataki na video wameirekodi kesi yao wenyewe, ina tarehe na uso. Sitarajii polisi wataacha shughuli zao kuwafuata. Natarajia mimi na wewe tuache kuzipenda hizo video.

Kwa hiyo nasema nini kifanyike, maana kulalamika peke yake hakushibishi.

Usimnunue mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane, hata ukilia bei. Muuzaji akikosa soko la watoto wa wiki nne ataacha kuwauza. Ukifika kununua, omba kumwona mama yao. Mama akiwa kwenye mnyororo akitetemeka, umeshaona watoto watakavyokuwa.

Ukipata aliye mwoga, au akiwa tayari ni wako, anza na kisichomtisha. Chakula mkononi, wewe umekaa chini, ubavu umemgeukia, humtazami machoni. Hafiki leo? Weka chakula, ondoka. Kesho sogea kidogo. Boda inamtisha? Mlishe mahali ambapo boda inasikika kama nzi. Wiki ijayo, hatua kumi karibu. Wageni wanamtisha? Mwambie mgeni atupe kipande cha nyama na apite, asimpapase, asimwite "kuja, kuja." Akiogopa akija kwako, mpokee. Wanaosema utamdekeza hawajui wanachosema. Hofu haiongezeki kwa kupata mahali salama. Ukiona mafanikio madogo, simama hapo. Usitafute la pili siku hiyo hiyo.

Na uwe na mpango wa muda. Haitachukua wikendi. Inaweza kuchukua miezi, na kuna mbwa ambaye atabaki na woga fulani mpaka uzeeni. Huyo naye ana haki ya kula na kulala bila fimbo. Kama huna miezi hiyo, jibu la heshima ni kutofuga mbwa. Nunua taa ya jua, weka kufuli la maana, ongea na majirani mlipe mlinzi wa usiku pamoja. Zote hizo hazihitaji kumtesa mnyama.

Kisha nenda kwenye geti lako na usome kile kibao upya. Kama aliye ndani anatetemeka, kishushe. Mbao zake zitafaa kuongeza dirisha kwenye kile kibanda.